Silinda ya Mwenzake

Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla sufuria haijateremshwa, babu yangu Orrin Tackett alikuwa na ibada yake ya pili. Aliketi jikoni, akatandaza taulo jeupe mezani, nami nikamletea bastola kutoka kabatini. Redio ilizimwa. Mbwa alitolewa nje. Hakuna aliyeongea ila sisi wawili, na sisi wenyewe tuliongea maneno yaleyale.

Ilikuwa Colt ya jeshi, ya risasi sita, ya zile za zamani za fataki: unashindilia baruti na risasi kwa mbele, unavisha fataki kwa nyuma, kisha unamwomba Mungu. Asa Tackett, baba wa babu yake Orrin, aliifunga kiunoni alipokuwa mpanda farasi wa Ohio katika vita vya Kaskazini na Kusini. Asa alirudi nyumbani na bastola. Farasi hakurudi.

Kiwandani, kila kipande cha bastola kilipigwa namba moja, ili vyuma vya bastola hii visipotelee katika vyuma vya ile. Na ibada ya babu ilikuwa hiyo: yeye aligusa kipande, mimi nikasoma namba, yeye akaitikia.

"Mpini?"

"Nane sita moja nne."

"Ndiyo. Kinga ya kidole?"

"Nane sita moja nne."

"Ndiyo."

Kiunzi, ndiyo. Mtutu, ndiyo. Kabari, ule ulimi mdogo wa chuma unaofunga mtutu kwenye kiunzi, ndiyo. Halafu babu alivuta pumzi, akaweka kidole gumba juu ya silinda, kile kipande cha mviringo chenye vyumba sita vya risasi.

"Silinda?"

"Nane saba sifuri mbili."

"Bado," babu alisema. Kisha tukala.

Hiyo "bado" niliisikia kabla sijajua kufunga viatu. Silinda ilikuwa ya bastola nyingine, na ya kwetu ilikuwa kwingine, duniani humu, kama haikuyeyushwa ikawa misumari. Babu alipokuwa na nguvu alizunguka majimbo matatu akiitafuta, kila ukumbi, kila mnada, kila ghala la mjane. Alirudi na vitu vingine: vifungo vya mikanda, ala za ngozi, fataki ndani ya makopo yenye kutu. Silinda hakurudi nayo.

Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mapafu yake, yaliyovuta vumbi la makaa tangu ujana, yalikuwa yanafungwa kama mgodi uliokwisha. Daktari alimwambia asihangaike kupanda viazi mwaka huu.

"Boyd," aliniambia siku ile tuliyorudi kwa daktari, "mimi sina shida na kufa. Nataka tu kusikia ndiyo sita. Mara moja. Huko mbinguni sijui kama wana Colt."

"Utazisikia, babu."

"Usiniahidi kama mwanasiasa."

"Nakuahidi kama Tackett."

Akacheka, akakohoa, akanishika mkono mpaka kikohozi kikapita.

Sisi Tackett hatuombi. Tunachimba. Ndivyo nilivyolelewa, na damu yangu ina moto kuliko ya wenzangu nyumbani. Kwa hiyo mwezi wa Februari, theluji ikiwa magotini, niliifunga ile bastola kwenye taulo lake jeupe, nikawasha pikapu, nikaenda kuchimba.

Maonyesho ya wakusanyaji hufanyika katika ukumbi wa kilimo, uleule ambamo wakati wa kiangazi huwekwa ng'ombe na maboga. Harufu ya ng'ombe haitoki. Mlangoni mzee mmoja hukagua kama bastola yako haina kitu ndani, anaifunga nyundo yake kwa uzi wa plastiki, anakugongea mhuri mkononi, unaingia.

Ndani kuna sheria, na hakuna aliyeziandika. Hugusi bila kuuliza. Ukiruhusiwa, unashika mpini kwa mkono mmoja na kupokea mtutu kwa kiganja cha pili, kama unayepokea mtoto mchanga. Huangushi nyundo kavu hata upewe ufalme, maana nyundo ikigonga vile vichuchu vya kuvishia fataki, inavivunja. Na husugui. Ile rangi ya kahawia ya uzee ndiyo ngozi ya bastola. Anayeisugua ing'ae ni sawa na aliyemchuna mzee ili aonekane kijana.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ni hii: usitaje namba unayoitafuta. Ukiitaja asubuhi, mchana atatokea mtu ana silinda yenye namba hiyohiyo, na mchongo wa uongo bado mbichi. Babu aliniambia hivyo tangu utotoni. Tafuta kwa macho. Mdomo ufunge kwa kabari.

Nilizunguka meza zote nikiwa nimefunga mdomo. Karibu na dirisha la jikoni, mwisho kabisa, pale panapowekwa wageni wasio na wenyeji, niliona meza ya mwanamke wa rika langu. Alivaa koti kubwa la mwanaume, mikono ya koti ameikunja mara mbili. Juu ya meza zilikuwepo ala chache, filimbi ya ofisa, kibuyu cha shaba cha baruti, na katikati Colt moja ya jeshi, na mbele yake kadi: *Namba zote sawa isipokuwa silinda. HAIUZWI.*

"Dada, naruhusiwa?"

Alinitazama mikono kwanza. "Safi?"

"Kuliko meza yako."

"Basi shika. Ukiangusha nyundo, na mimi nakuangusha wewe."

Nilishika. Niligeuza kiunzi kwenye mwanga wa dirisha nikasoma. Nane saba sifuri mbili. Nikageuza bastola taratibu mpaka namba ya silinda ikaja juu, imefifia, nusu imeliwa na kutu ya zamani, lakini ikisomeka.

Nane sita moja nne.

Kila kitu alichonifundisha babu kilinitoka.

"Hii silinda ni yangu," nikasema.

"Habari za asubuhi na wewe pia."

"Nakwambia ni yangu. Ni ya nyumbani kwetu."

"Ilitoroka lini?"

"Wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini."

"Kaka, umechelewa kutoa taarifa."

Wazee wa meza ya jirani wakaangua kicheko. Mmoja akasema niite polisi. Nikahisi shingo yangu inaiva.

"Sikutanii," nikamwambia.

"Wala mimi. Kadi umeisoma?"

"Sijasema niuzie. Nimesema ni yangu."

"Na mimi nimesema soma kadi." Akaninyang'anya bastola, si kwa ukali, kwa ustadi, mkono mmoja mpini na mwingine mtutu, akairudisha mahali pake, akainyoosha ilale sawa na ukingo wa meza.

Nikaondoka. Kama ningebaki ningesema neno ambalo babu angelisikia kutoka nyumbani. Nikaenda kusimama dirishani kwa Mama Purdy, ambaye huuza supu ya maharage na pilipili katika maonyesho hayo tangu mume wake alipoacha kukusanya na kuanza kulala.

"Boyd Tackett, usinikunjie uso hapa, supu itaganda. Nani kakukanyaga?"

"Yule mwenye koti."

Mama Purdy alichungulia. "Yule? Binti wa Virgil Goff, kutoka ng'ambo ya mto. Virgil kazikwa kabla ya Krismasi, hujasikia? Koti lile ni la baba yake. Tangu asubuhi kakaa pale hajaweka kitu mdomoni, anauza vitu vya marehemu kimojakimoja, na kila kinachonunuliwa anakiangalia mpaka mlangoni." Akajaza bakuli mbili, akakata mkate wa mahindi vipande viwili, akanisukumia sinia. "Peleka."

"Mama, yule hataki kuniona."

"Hataki kukuona wewe. Supu hajasema."

Nikapeleka. Niliweka sinia kwenye kona ya meza, mbali na vyuma.

"Sikuja kuomba," nikasema. "Nimekuja kula. Viti vingine vimejaa."

Viti vitupu vilikuwa kila upande. Aliviangalia vyote, kimoja baada ya kingine, halafu akasogeza koti lake linipishe.

"Leanna," akasema.

"Boyd."

Tukala. Alikula kama mtu aliyesahau kuwa ana njaa, kisha akakumbuka. Alipofika katikati ya bakuli akasema, bila kunitazama, "Baba aliitafuta silinda yake maisha yake yote. Hii hapa ni ya mtu mwingine, tunajua. Aliniambia, uza vyote, Leanna, uza hata meno yangu, lakini hii usiuze mpaka mwenzake apatikane. Ndiyo maana ya kadi. Si kwamba nakuringia."

"Mwenzake ana namba gani?"

Akafunga mdomo. Naye alilelewa katika sheria ileile.

Nikatazama supu yangu. Nilimfikiria babu na kidole chake gumba. Nikavunja sheria.

"Mimi nina silinda moja kwenye pikapu," nikasema. "Nane saba sifuri mbili."

Kijiko chake kilisimama hewani. Tone la supu likaangukia mkono wa koti la baba yake, hata hakulifuta.

"Rudia."

Nikarudia. Kisha nikaenda kwenye pikapu nikachukua taulo, nikapita tena kwa mzee wa mlangoni na uzi wake wa plastiki, nikaifungua bastola mbele ya Leanna. Alisoma mwenyewe. Alisoma mara ya pili kwa ncha ya ukucha, macho kafumba, vilevile kama babu.

"Tubadilishane hapahapa," akanong'ona. "Una nyundo ya mbao?"

"Hapana. Si hapa." Na hapo ilibidi niseme. "Kuna mtu lazima afanye kwa mikono yake. Babu yangu. Hatafika kiangazi."

"Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo, badala ya kunivamia kama mwenye nyumba?"

"Sisi hatuombi."

"Kusema si kuomba, Boyd Tackett." Alikuwa tayari anafunga ala zake ndani ya blanketi.

Alinifuata kwa gari lake, taa zake kwenye kioo changu kona baada ya kona, barabara nyeupe, mashina ya mahindi yakichungulia juu ya theluji kama ndevu zisizonyolewa. Mara mbili nilipunguza mwendo nikidhani nimempoteza. Mara zote mbili alinipigia honi niache upuuzi.

Babu alikuwa amekaa jikoni na blanketi magotini. Alisikia hatua za watu wawili badala ya mmoja.

"Umeleta mtu."

"Habari za mchana, Mzee Tackett. Mimi ni Leanna Goff."

"Goff wa ng'ambo ya mto? Una undugu na Virgil?"

"Ni baba yangu. Alikuwa."

"Pole sana, binti. Sikupata habari, la sivyo ningekuja hata kwa kuburuzwa. Mimi na Virgil tulikuwa tunapanga meza za kupakana, miaka na miaka. Alikuwa mwongo mzuri. Ukimwuliza anatafuta nini, anakwambia anatafuta mke wa pili."

Leanna alicheka, kisha kicheko kikamgeukia. Akakaa kwenye kiti. "Mzee, baba alikuwa na hii." Akaweka bastola yake juu ya taulo, nami nikaweka yetu kando yake.

Babu aligusa kiunzi cha ile ngeni. Kidole gumba kilitembea polepole juu ya namba. Kikafika kwenye silinda. Kikasimama hapo.

"Boyd. Soma."

"Nane sita moja nne, babu."

Friji ilinguruma, ikanyamaza.

"Aliiweka wapi?" babu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Meza yake niliijua kama meza yangu. Sikuiona hata siku moja."

"Kwenye sanduku," Leanna akasema, "chini ya meza. Alikwenda nayo kila mahali lakini hakuitoa. Aliogopa mtu atajua anatafuta namba gani. Mimi ndiye wa kwanza kuiweka juu, kwa sababu sikujua kuuza."

"Na yangu ilikuwa mfukoni mwa koti langu." Babu alitikisa kichwa. "Tulikula pai pamoja. Alinipa kipande chake cha mwisho cha pai ya cheri, na silinda yangu iko miguuni pake, na yake iko kifuani pangu, na kila mmoja kafunga mdomo kama benki. Virgil, Virgil. Wajinga wawili."

Leanna alinyoosha mkono akaugusa wa babu, ule uliokuwa juu ya chuma. Sikujua pa kutazama, nikaenda kutafuta nyundo ya mbao.

Babu hakutaka kusaidiwa. Aligonga kabari ya kwanza kwa mapigo matatu ya nyundo, tok, tok, tok, ikateleza nje. Mtutu ukatoka. Silinda ikatoka, ikiwa na mafuta ya Jumapili zetu zote. Akafanya vilevile kwa ya Goff. Vyuma vikalala juu ya taulo, bastola mbili zimefunguliwa, na kwa dakika moja hivi huwezi kujua kipi ni cha nani. Kisha akachukua silinda yetu, akaipuliza ndani, pumzi fupi ya mtu asiye na pumzi ya kugawa, akaiingiza mahali pake. Ya Leanna akampa Leanna aingize mwenyewe.

"Haya," babu akasema. Akaufuta mdomo. "Mpini?"

"Nane sita moja nne."

"Ndiyo. Kinga ya kidole?"

Nilisoma kama nilivyosoma maisha yangu yote, lakini sauti ilikuwa inanitoroka. Kiunzi, ndiyo. Mtutu, ndiyo. Kabari, ndiyo. Babu akavuta pumzi yake.

"Silinda?"

"Nane sita moja nne."

Hakuitikia. Alikaa na kidole gumba juu yake, machozi yakishuka kwenye mifereji ya uso wake bila haraka, kama yanayoijua njia.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, Asa. Ndiyo."

Nilitimiza, nikajiambia. Nakumbuka nilijivuna kiasi cha kutosha watu watatu.

Babu akakata nyuzi za plastiki za bastola zote mbili. "Sasa tumsikie anavyoimba." Akaweka kidole gumba juu ya nyundo na kuivuta nyuma, taratibu, kwa vile ukivuta nyundo silinda inapaswa kuzunguka chumba kimoja na kujifunga mahali pake, klik. Bastola ya Asa iliimba vizuri. Niliijua sauti yake kuliko kengele ya kanisa.

Ikazunguka nusu. Ikakwama.

Babu akairudisha, akajaribu tena. Ikakwama palepale, katikati ya vyumba viwili, ikisaga.

"Hebu ya kwako, binti."

Leanna akavuta. Yake haikukwama, ilipitiliza. Komeo halikuishika, ikalegea na kuchezacheza kama jino la mtoto.

"Uchafu," nikasema. "Nileteeni mafuta."

"Si uchafu." Babu alikuwa anaisikiliza ile bastola, sikio karibu na chuma. "Hapa ndani kuna kidole kidogo kinachosukuma meno ya silinda. Chuma kwa chuma. Vinalana kidogokidogo, miaka na miaka, mpaka kila kimoja kina umbo la mwenzake. Kidole hiki hakiyajui meno haya, Boyd. Hakijawahi kuyajua."

"Kinaweza kuchongwa. Kuna fundi kule mjini, kwa tupa, saa moja tu..."

"Ukitia tupa kwenye bastola ya Asa, nikifa nitarudi nilale kitandani kwako kila usiku, na miguu yangu ni baridi."

"Lakini babu, namba!" Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa napiga kelele jikoni kwa mtu anayekufa, na sikuweza kuacha. "Umetafuta maisha yako yote! Nilikuahidi! Zote sita ziko sawa!"

"Ziko sawa. Nimezisikia. Asante." Alinivuta mkono mpaka nikakaa. "Sasa sikiliza na wewe. Kuchakaa hivi hakufanywi na kabati. Kunafanywa na vita. Zilichanganyika mapema, labda wiki ya kwanza. Masizi ya baruti ile huoshwa kwa maji ya moto. Kikosi kizima huchemsha sufuria moja, wanatumbukiza vyuma, wanatoa. Asa na huyu mwingine walikaa kwenye moto mmoja, kila mmoja akachukua silinda iliyokuwa karibu na mkono wake."

"Labda walipeana," Leanna akasema. "Wenyewe. Kama marafiki."

"Labda. Hawakutuachia neno." Babu aliitazama bastola kwa macho yake yasiyoona. "Ila vyovyote vile, Asa alipigana na ile nyingine. Ile ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Nimetumia maisha yangu kutafuta kitu ambacho Asa mwenyewe hakukikosa."

Halafu akaanza kucheka. Kicheko kile kilimfikia tumboni, kikageuka kikohozi, Leanna akamshika mabega na mimi nikamshikia maji, na alipotulia alikuwa bado anatabasamu.

"Binti, ni bastola yako pia. Sema wewe."

Leanna alikunja mkono wa koti, ule wenye doa la supu, akaukunjua. "Baba alisema nisiuze mpaka mwenzake apatikane," akasema. "Amepatikana. Hakusema nimwachanishe na aliyekaa naye." Akachukua nyundo ya mbao.

Zikafunguliwa tena, zikarudishwa zilivyokuja. Babu akavuta nyundo. Klik. Chumba baada ya chumba, safi, mpaka mzunguko ukatimia. Ya Leanna nayo vilevile. Mimi nilikaa kimya na hasira yangu, na hasira ikaanza kuyeyuka, na chini yake kulikuwa na kitu ambacho sikutaka wageni wakione.

"Boyd," babu akasema. "Turudie."

"Babu, tumeshasoma."

"Turudie. Mpini?"

Nikasoma. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

"Silinda?"

"Nane saba sifuri mbili."

Kidole chake kilikuwa juu ya namba ile. Kilitulia hapo kama mtu aliyefika kwake.

"Ndiyo," babu akasema. "Haya, tule."

Leanna alilala chumba cha wageni kwa sababu ya theluji. Asubuhi alipokuwa anawasha gari, aliteremsha kioo akasema bastola yake ibaki kidogo pembeni ya mwenzake, barabara zikikauka atakuja kuichukua. Kila Jumapili alikuja kuichukua. Na kila Jumapili aliisahau. Alikaa upande wa pili wa babu, wakasoma mbili badala ya moja, ndiyo kumi na mbili, mpaka maharage yakaungua. Babu alifariki Mei, mitufaha ikiwa imechanua, na viazi tulivyopanda bila ruhusa ya daktari vimeshaota.

Februari iliyofuata tulichukua meza moja, palepale karibu na dirisha la Mama Purdy. Bastola zote mbili zilikuwa juu ya taulo la babu. Mzee mmoja mgeni, mwenye miwani ya kukuzia jichoni, aliomba ruhusa, akaonyesha mikono, akashika moja kwa adabu zote, kisha nyingine. Akasoma. Akasoma tena. Akatutazama kama daktari anayewaona watu wazima wamevaa viatu vya kushoto na kulia kinyume.

"Vijana, nyie mnajua mna nini hapa? Silinda hii ni ya ile, na ile ni ya hii! Mnangoja nini? Badilishaneni!"

Nilifungua mdomo, moto ukiwa tayari kwenye ulimi. Leanna akaniwahi. Aliichukua bastola mikononi mwa yule mzee, mkono mmoja mpini na mwingine mtutu, akailaza pembeni ya mwenzake na kuinyoosha sawa na ukingo wa meza.

"Tulijaribu, mzee," akamwambia. "Zilikataa."